Adui Huamka Tena

Mfupa unaovunjika kwenye picha za kareti ni mhogo mbichi. Si mhogo wowote. Ulioshinda ndani siku mbili umenyauka, hutoa sauti ya kitambaa kuchanika. Unatakiwa wa asubuhi ile ile, una udongo bado, uvunjwe karibu na maiki bila kuigusa. Kofi la uso ni kanga iliyoloweshwa ikapigwa kwenye sakafu ya saruji. Upepo wa teke linalopita karibu na sikio ni ufito wa mpera. Mtu akianguka, naangusha gunia la makumbi ya nazi. Nimeifanya kazi hii jikoni kwa mama, kijijini Zinga, miaka kadhaa sasa, na mama hajaacha kulalamika kwamba namharibia kanga.

Watu huniuliza mwanamke kama mimi nilijifunzia wapi mambo ya ngumi. Nilijifunzia nje. Nilipokuwa msichana tulikaa Bagamoyo mjini, jirani na kibanda cha video, na mtoto wa kike kuonekana humo ndani ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mimi nilitumwa maji. Bomba lilikuwa nyuma ya kibanda, basi nikaweka ndoo chini ya bomba na sikio kwenye ukuta wa makuti. Kwa hiyo picha za Wachina nilizisikia kabla sijaziona. Nilipokuja kuziona ukubwani nilivunjika moyo kidogo, maana kichwani mwangu zilikuwa nzuri zaidi.

Lakini sheria zake nilikuwa nazijua zote. Stelingi, yule shujaa wa picha, hafi, hilo halina mjadala. Mwalimu wake atauawa mapema, na kabla ya kukata roho atatema damu na kuanza sentensi asiyoimaliza. Maadui kundi zima watamzunguka stelingi, lakini watamjia mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wa foleni ya kisimani, na wanaosubiri zamu watarukaruka nyuma wakipiga ngumi hewani. Adui mkubwa lazima acheke kabla ya kupigana, kichwa nyuma, mikono kiunoni. Na akishaanguka asiaminiwe, kwa sababu adui huamka tena. Stelingi akimgeuzia mgongo aende kumfungua mchumba wake kamba, adui atanyanyuka na kisu, na kibanda kizima kitapiga kelele: usimpe mgongo, anaamka huyo! Mimi kule nje niliipenda kelele ile kuliko picha yenyewe.

Dairekta wetu anauza chaji na kava za simu. Kamera aliinunua kwa mpiga picha za harusi aliyeacha kazi, akaanza kutengeneza picha za kareti za hapa hapa kwetu, za vijana wa bodaboda na mafundi baiskeli waliovaa suruali nilizowashonea kwa mashuka. Mwalimu mkuu wa kareti ni muuza kahawa, na ndevu zake ni sufi tuliyoitoa kwenye mto, akicheka zinamwingia mdomoni. Maiki yetu inaokota upepo na kunguru kuliko maneno ya watu. Ndiyo sababu sauti zote za uwanjani hufutwa zikawekwa upya: ngumi kwangu jikoni, maneno kwa waigizaji wenyewe, wakiyasoma baadaye mbele ya kompyuta. Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kutuletea ubishi.

Adui alikuwa mdogo wangu. Mrefu, mwembamba, jicho moja kubwa kuliko la pili, basi sura peke yake ilishamtia hatiani. Kwa riziki alikuwa mkwezi. Alikwea minazi yetu na ya nusu ya Zinga, na nyayo zake zilikuwa na sugu ngumu kama soli ya kiatu. Kimo hakikumtisha, kwa hiyo pote palipotakiwa mtu wa kuruka aliruka yeye, na hakuna aliyekufa vizuri kama yeye. Watoto walimpenda kuliko stelingi. Walimsimamisha njiani wakamwambia, shikamoo Adui, naye akawaitikia marahaba kwanza, kwa heshima zote, ndipo akaweka mikono kiunoni akaangua kile kicheko chake mpaka wakatawanyika. Mama peke yake hakutaka kumwona akifa. Alisema kifo hakiigizwi, ukikiita mara nyingi siku moja kitaitika. Sisi tulimcheka.

Siku yenyewe sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nikisubiri niletewe kazi. Yaliyotokea nilisimuliwa na waliokuwepo, kisha nikayaona kwa macho yangu, kwa sababu kamera haikuzimwa. Lilikuwa pambano la mwisho, kwenye pagale moja ambalo mwenyewe aliishiwa akaliacha na nondo zake nje. Stelingi ampige adui teke juu ya ukuta, adui aruke kinyumenyume aangukie makumbi yaliyofunikwa magunia na mchanga. Walishafanya hivyo katika picha nyingine na hakuna aliyepata hata mchubuko. Safari hii aliruka sana. Aliyavuka makumbi, akaangukia mgongo kwenye ukingo wa msingi.

Akainua mkono. Sasa, maadui wetu wote wakianguka huinua mkono. Huunyoosha kwa stelingi, hutaka kusema neno, kisha mkono hudondoka. Mdogo wangu aliinua mkono akasema, "Miguu yangu siisikii." Wote wakadhani ametia kionjo chake. Dairekta akamwashiria mpiga kamera asogee karibu. Stelingi, kijana wa watu, akamwekea mguu kifuani kama ilivyo ada ya stelingi, akatoa hotuba nzima ya kisasi cha mwalimu wake, na chini ya mguu ule mdogo wangu akarudia, taratibu, "Jamani, miguu yangu siisikii." Hotuba ilipokwisha wakapiga makofi. Wakamwambia leo umekufa kweli kweli. Makofi yakaisha, naye hakuinuka kujikung'uta mchanga. Ndipo muuza kahawa, na ndevu zake za sufi usoni, akapiga magoti akamfinya unyayo akamuuliza kama anasikia.

Wakambeba kwa bodaboda. Mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mtu nyuma amemkumbatia asidondoke, barabara yote ile hadi Bagamoyo. Walifanya haraka kwa mapenzi. Nami nikikumbuka kila tuta la barabara ile nawachukia wote mmoja mmoja, kisha nakumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyelala usingizi wiki ile, nabaki sijui nimchukie nani.

Kutoka Bagamoyo alipelekwa hospitali kubwa Dar. Daktari alituketisha sisi watatu, mgonjwa kitandani, mama na mimi kwenye benchi, akasema bila kuzunguka kwamba uti wa mgongo umekatika na huyu kijana hatatembea tena. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akamshukuru, akamwombea dua yeye na watoto wake. Tuliporudi nyumbani akatuambia daktari ni mtu, si Mungu, na chini ya paa lake asisikie kinywa kikitamka kwamba mwanawe hatainuka. Tukatii. Mama yetu si mkali wa sauti, lakini akishasema neno, neno hilo linakaa ndani ya nyumba kama kabati.

Kamba ya kukwelea ikabaki kwenye msumari wake karibu na mlango, na mama akawa anaipangusa vumbi kila Ijumaa. Wakwezi wengine walipokuja kuomba kazi aliwaambia hapa mkwezi yupo, anauguza mgongo. Kwa hiyo nazi zetu zikakomaa juu zikakauka zikawa zinaanguka zenyewe, na kila moja ilipogonga ardhi nilimwona mdogo wangu akifumba macho. Watu wa msikitini walichanga wakamletea kiti cha magurudumu. Mama akakipokea kwa shukrani, akakifunika kanga, akakisukuma uani nyuma ya pipa la maji. Kitamfaa mwenye kukihitaji, alisema. Shangazi yetu, asiyejua kuuma maneno, alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akamkaribisha chai, wakazungumza habari ya mvua.

Mimi ndiye niliyemgeuza mchana, ubavu huu na ubavu ule, asipate vidonda. Siku moja nikiwa nimemshika hivyo, uso wake ukutani, alisema, "Dada, nimechoka kusubiriwa." Akaendelea kwamba akiwa peke yake anajua alivyo, na analia kidogo, na anaizoea hali yake. Lakini mama akiingia inambidi awe mgonjwa anayepona, atabasamu, aseme leo nimesikia kama joto gotini. Hakusikia joto lolote. Nilimwambia mimi nitaongea na mama. Nikatoka, nikamkuta mama anapepeta mchele na kuimba kidogo kidogo, nikarudi ndani.

Miezi ikapita ndipo dairekta akaja, kompyuta kwapani, akasimama mlangoni akapiga hodi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Alimwamkia mama shikamoo akiwa ameinamisha kichwa. Mama akaitika, akamwekea kiti, asimtazame. Alikuja kusema kwamba picha imebaki sauti tu. Pambano la mwisho halina namna ya kupigwa upya, na kile kipande kilichopo ndicho kizuri kuliko vyote alivyowahi kupiga. Aliona aibu kulisema, lakini alilisema. Tukikiacha, alisema, basi kaumia bure. Nilitaka kumrushia sufuria. Kaumia bure ndiyo, nilimwambia, ulidhani kaumia kwa faida ya nani?

Mdogo wangu akaita kutoka chumbani. Akasema kiwekwe akione.

Tukamwinua kwa mito. Akajitazama akiruka, akajitazama akianguka, akajisikia akisema lile neno lake kati ya upepo na kunguru, na mguu wa mwenzake ukija kumkaa kifuani. Akaomba kirudiwe. Mimi nilitazama ukuta. Alipomaliza alisema kimetoka vizuri, kwa sauti ya fundi anayetazama mlango aliouchonga, kisha akauliza mbona kuanguka kwenyewe hakuna sauti. Nikamwambia sijaweka, wala siweki. Akasema bila sauti kitaonekana kitupu, watu watadhani ameangukia godoro.

Akaniagiza mhogo. Mama alikuwa ameng'oa mihogo asubuhi ile kwa ajili ya chakula, na alipoona nachukua mmoja kwenye ungo akauliza wa nini. Nikamwambia wa kazi. Mama akaendelea kumenya. Niliuchukua mnene, mdogo wangu akaukataa, akataka mwembamba mrefu. Akaushika mwenyewe kwa ile mikono yake ya mkwezi iliyokuwa na nguvu bado, akaniambia weka maiki hapa, akasubiri kunguru wa nje anyamaze. Kisha akauvunja. Sijawahi kupata sauti nzuri kama ile, na sitaitafuta tena. Kule jikoni kisu cha mama kilisimama, halafu kikaendelea.

Ubishi ukaja kwenye maneno. Dairekta alikuwa na karatasi. Adui akiri kwamba ndiye aliyemuua mwalimu kwa sumu, amwambie stelingi tutaonana ahera, akate roho. Mdogo wangu akaisoma karatasi, akaikunja, akasema yaachwe yale aliyosema siku ile. Dairekta akamweleza, kwa upole wote, kwamba adui hasemi hivyo. Adui hulaani au hutubu. Tena watu hawatajua nani alimuua mwalimu. Mdogo wangu akasema watajua tu, wamekuwa wakijua tangu mwanzo, adui ni mimi. Wakavutana hapo hadi chai ikapoa. Mwishowe dairekta akaangalia ile miguu chini ya shuka, akasema sawa, yabaki. Kicheko cha kabla ya pambano tu ndicho kilichorudiwa. Alikicheka akiwa amelala. Hakikufika kilipokuwa kikifika zamani, lakini hakuna aliyesema kirudiwe.

Picha ikaonyeshwa Zinga, kwenye kibanda cha kando ya barabara, mchana wa Idd pili. Mdogo wangu alisema anataka kwenda, tena anataka mama aende naye. Mama aliyeishi maisha yake yote bila kumwona akifa alisimama kwa muda mlangoni, mkono kwenye ile kamba. Kisha akavaa baibui lake la sikukuu. Kiti cha magurudumu hakikutajwa. Vijana wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki kama bwana harusi, naye akawapungia mkono watoto waliofuata nyuma, shikamoo Adui, marahaba, shikamoo Adui.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya karanga. Kwa heshima ya siku ile wanawake tuliwekewa mikeka nyuma, na yeye akawekwa na kiti chake mbele yetu, pembeni ya njia, watoto wamemzunguka. Mwanzoni nilisahau shida. Watu walicheka ndevu za sufi, wakanyamaza mwalimu alipotema damu, ambayo ni juisi ya rosela. Maadui walipomjia stelingi mmoja mmoja, mama aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini hawamvamii wote kwa pamoja wakaimaliza kazi. Nikamwambia ndivyo ilivyo, mama.

Kisha pagale. Mdogo wangu juu ya ukuta, mzima, mrefu, anacheka. Teke. Akaruka, ukasikika mhogo, na kibanda kizima kikasema aah. Mama alinishika mkono. Adui akainua mkono wake akasema miguu yangu siisikii, na watu wakacheka. Si kwa ubaya, hawakujua. Waliojua walikuwa wachache, wengi walidhani ajali ilitokea mahali pengine, kwenye mnazi. Adui akilia huchekwa, hata mimi nyuma ya makuti nilikuwa nikicheka. Aliposema mara ya pili wakacheka zaidi, na kucha za mama zikaniingia mkononi. Mdogo wangu hakugeuka kututazama.

Hotuba ikaisha. Stelingi akaondoa mguu, akageuka, akaanza kwenda zake. Na hapo ikaja ile kelele, ile niliyoipenda utotoni, kutoka kila pembe ya kibanda, watoto wamesimama wananyoosha vidole: usimpe mgongo, anaamka huyo, anaamka! Kamera haikumwacha adui. Dairekta alikuwa amekosa kipande kingine cha kuweka, akakiacha kile kirefu, mdogo wangu amelala kwenye ukingo wa msingi na macho wazi. Watu walikuwa na hakika. Anaamka, anaamka. Nikasikia karibu yangu sauti nyingine, ndogo, ikisema nao, na nilipogeuka midomo iliyokuwa ikisema ni ya mama.

"Haamki," mdogo wangu alisema.

Hakupaza sauti. Aliwaambia watoto waliomzunguka, lakini sisi nyuma yake tulimsikia. Mtoto mmoja akambishia, akamwambia adui siku zote huamka. Mdogo wangu akamjibu kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda dukani. "Huyu haamki. Mwacheni tu aende zake."

Picha ikaisha, mwanga ukaingia, watu wakaanza kutoka wakipigana mateke ya mchezo. Mama alisogea mbele. Ndara ya kulia ya mdogo wangu ilikuwa imemvuka, haijulikani saa ngapi, na mguu ulikuwa umekanyaga chini mtupu, juu ya uchafu wa karanga. Mama akachuchumaa na baibui lake la sikukuu kumvisha. Akauinua ule mguu, akaugeuza, akakuta kizibo cha soda kimezama unyayoni, meno yake yameingia kwenye nyama, na damu kidogo imeshakauka pembeni. Alikitoa. Akautazama uso wa mwanawe, naye alikuwa anaongea na muuza kahawa na kucheka, hana habari.

Mama alibaki amechuchumaa, kizibo kiganjani. Nilifikiri ataanza kulia na sikujua nitafanya nini. Kisha akawaita wale vijana wanne waliokuwa wanajipanga kuinua kiti cha plastiki.

"Msimbebe," aliwaambia. "Nendeni nyumbani, uani, nyuma ya pipa. Kuna kiti chake pale. Kileteni."